Mzee Anapimwa kwa Kipi? Ngazi za Matunzo katika Makazi ya Wazee

Kiswahili kina jina moja, nyumba ya wazee au makazi ya wazee, kwa mambo ambayo katika nchi zenye mfumo mpana wa matunzo yametenganishwa kwa sheria, kwa bei na kwa taaluma, na jina hilo moja limewafanya watu wengi waamini kwamba swali nalo ni moja tu, la kumpeleka mzee au kutompeleka. Swali hilo huja mwisho. Linalotangulia ni la kipimo: mzee huyu anafanya nini mwenyewe, anafanya nini akishikwa mkono, na ni kipi hakiwezi kabisa hata akisaidiwa. Ngazi ya matunzo, kwa maana inayotumika hapa, ni kiasi cha msaada ambacho mtu anakihitaji kila siku ili aishi kwa usalama na kwa stara. Haihusu ukubwa wa jengo, wala haihusu uzuri wa bustani yake, ingawa matangazo ya biashara hupenda kuanzia bustanini.

Kipimo kilichoenea zaidi kilitokana na kazi ya daktari Sidney Katz na wenzake mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, waliokuwa wakifuatilia hali ya wazee waliovunjika nyonga, na ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1963. Waliorodhesha shughuli sita ambazo kila mtu mzima huzifanya bila kuzifikiria, yaani kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Thamani ya orodha hiyo imo katika mpangilio wake, kwa kuwa walibaini kwamba uwezo hupotea kwa utaratibu, kuoga kukitangulia na kula kukija mwisho, na kwamba mgonjwa anayepata nafuu huurudisha kwa mfuatano wa kinyume, mfuatano ambao Katz aliufananisha na namna mtoto anavyojifunza kujitegemea. Mhudumu anayeujua utaratibu huu hupata habari nyingi kutokana na dalili moja: mzee anayelishwa kwa kijiko karibu hakika anaogeshwa pia, ilhali mzee anayeogeshwa anaweza kuendelea kujilia mwenyewe kwa miaka mingi.

Kwa nini kuoga kutangulie? Anayeoga anasimama kwa nyayo zilizolowa juu ya sakafu yenye povu, ananyanyua mguu mmoja kuvuka kizingiti, anainama kuchota maji kwa kopo kutoka kwenye ndoo, anapinda mkono nyuma kuutafuta mgongo, kisha anafumba macho ili sabuni isimwingie. Hapo pa kufumba macho ndipo hatari ilipo, kwa sababu mzee ambaye nyayo zake zimekufa ganzi kutokana na kisukari hutegemea macho kumwambia kama amesimama wima, na akiyafumba amebaki bila mwongozo. Shughuli inayoonekana moja ina hatua saba au nane ndani yake, na kila hatua inadai nguvu, mizani ya mwili na kumbukumbu ya kinachofuata. Ndiyo maana familia makini haiulizi kama mzee ameoga, bali huangalia kama taulo limelowa.

Miaka sita baadaye, mwaka 1969, M. Powell Lawton na Elaine Brody waliongeza orodha ya pili, ya shughuli zinazohitaji akili na mpango kuliko misuli: kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kunywa dawa kwa wakati na kusimamia fedha. Hizi hupotea kabla ya zile sita, mara nyingi miaka kadhaa kabla, na hivyo ndizo kengele ya mapema. Katika Afrika Mashariki kengele hiyo hulia kwenye simu ya mkononi, pale mzee anapoanza kumpa kila mtu namba yake ya siri ya kutolea pesa, au anapotuma fedha zilezile mara mbili kwa siku moja na kukana ya kwanza. Jamaa husema ni uzee. Mtaalamu husema ni mstari mmoja wa orodha ya pili uliokwisha kufutika, na huanza kuitazama mistari iliyobaki.

Orodha hizo mbili zikiwekwa pamoja, ngazi za makazi nchini Marekani, ambako zimegawanywa kwa undani zaidi pengine kuliko kwingine kote, hueleweka bila taabu. Ngazi ya chini kabisa ni makazi ya kujitegemea, ambamo mzee hupanga au hununua nyumba ndogo iliyo salama, akaondolewa mzigo wa kupika, kufyeka majani na kutengeneza bomba, lakini hakuna anayemvisha wala kumpa dawa. Anayehamia huko anashindwa mambo machache ya orodha ya pili, au amechoka nayo tu. Ngazi inayofuata ni makazi ya usaidizi, ambayo chimbuko lake hutajwa kuwa jimbo la Oregon, ambako mwanazuoni Keren Brown Wilson alifungua nyumba ya aina hiyo mjini Portland mwaka 1983, akikusudia mzee aliyeanza kushindwa kuoga au kuvaa awe na chumba chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo wake mwenyewe, badala ya kitanda katika wodi. Juu yake ipo nyumba ya uuguzi, ambamo wauguzi wenye leseni wapo usiku na mchana, kwa ajili ya wenye vidonda vinavyohitaji kusafishwa, mipira ya kulishia au ya mkojo, na wale wanaogeuzwa kitandani kila baada ya saa chache ili ngozi isioze.

Kati ya ngazi hizo ipo moja isiyokaa vizuri kwenye mstari, nayo ni kitengo cha kumbukumbu, kinachowahudumia wenye dimensia, yaani hali ya ubongo kupoteza uwezo wa kukumbuka, kupanga na kutambua, ambayo Alzheimer ni chanzo chake kikubwa. Mkazi wa kitengo hicho anaweza kuwa na miguu imara kuliko binti yake anayekuja kumtembelea, na tatizo likawa hilohilo, kwamba anatembea na hajui anakokwenda. Kwa hiyo milango hufungwa kwa namba, vijia vya bustani huzunguka na kurudi vilipoanzia, na wahudumu hufundishwa kutobishana na mtu anayetaka kwenda kumpokea mtoto wake shuleni, mtoto ambaye sasa ana umri wa miaka 60. Uholanzi ilikwenda mbali zaidi mwaka 2009, ilipofungua kijiji kizima cha watu wa hali hii, Hogeweyk, katika mji wa Weesp, chenye duka, mkahawa na mitaa, ili wakazi watembee watakavyo ndani ya mpaka mmoja.

Wahamiaji wengi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo wanazijua ngazi hizi kwa mikono yao, kwa kuwa kazi ya uhudumu wa wazee ni miongoni mwa milango ya kwanza kumfungukia mgeni Marekani, na mji kama Lowell, Massachusetts, una Wakenya wengi katika kazi hiyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, iliyorekebisha nyumba za uuguzi baada ya kashfa za muda mrefu, inamtaka mhudumu msaidizi asomee angalau saa 75, na inaitaka nyumba impime kila mkazi kwa ukamilifu ndani ya siku 14 tangu aingie, kisha irudie vipimo kwa vipindi vilivyowekwa, sharti lisilo dogo hata kidogo. Makazi ya usaidizi hayamo katika sheria hiyo, kwani husimamiwa na kila jimbo kivyake, kwa majina na masharti tofauti. Katika jimbo la Washington, kwa mfano, kuna aina ya nyumba ya kawaida ya mtaani ambamo mwenye leseni huwatunza wazee wachache, kwa kawaida wasiozidi sita, na si wachache kati ya wenye leseni hizo ni Waafrika Mashariki waliopanda kutoka kuwa wahudumu.

Upande wa malipo ndiko ngazi zinakogeuka mitego. Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani, hailipii kuishi katika nyumba ya uuguzi kama familia nyingi zinavyodhani. Hulipia uuguzi wa muda baada ya mtu kulazwa hospitali angalau siku 3 mfululizo, na hata hapo ni siku 20 za kwanza kwa ukamilifu, kisha kwa mchango wa mgonjwa hadi siku ya 100, na baada ya hapo hailipi kitu. Anayebaki hujilipia, gharama ambayo kwa kawaida huzidi dola 100,000 kwa mwaka, mpaka akiba yake iishe na astahili Medicaid, mpango wa maskini, ambao ndio huwagharimia zaidi ya nusu ya wakazi wa nyumba za uuguzi. Katika makazi ya usaidizi neno ngazi lina maana nyingine kabisa, ya kibiashara: nyumba nyingi zina madaraja yao ya ndani, ambapo mzee akianza kuhitaji msaada wa kuvaa hupandishwa daraja, na ankara hupanda naye. Anayetia saini mkataba wa namna hiyo akidhani kwamba bei ya mwezi wa kwanza ndiyo bei hajausoma.

Ujerumani inafundisha zaidi katika suala hili, kwa sababu ilikosea hadharani kisha ikajirekebisha. Nchi hiyo ilianzisha bima ya lazima ya matunzo mwaka 1995, ikiwa na ngazi tatu zilizopimwa kwa dakika: aliyehitaji msaada wa wastani wa dakika 90 kwa siku aliingia ngazi ya kwanza, dakika 180 ngazi ya pili, na dakika 300 ngazi ya tatu. Mpimaji alifika nyumbani akihesabu muda wa kuosha uso, kuchana nywele, kukata chakula vipande. Utaratibu huo ulikuwa na usahihi wa saa ya ukutani, na upofu wake pia, kwani mwenye dimensia aliyeweza kujiosha na kujivisha, lakini asiyeweza kuachwa peke yake na jiko linalowaka hata kwa muda wa kwenda dukani, alitoka na dakika chache, ilhali mkewe hakulala usiku. Mwili ulikuwa umepimwa, na hatari haikupimwa.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2017 dakika zilifutwa, na badala yake yakaja madaraja matano yanayotokana na alama kutoka 0 hadi 100, zinazokusanywa katika nyanja sita: kutembea na kujigeuza, utambuzi na mawasiliano, tabia na hali ya nafsi, kujihudumia, kumudu maradhi na dawa, na kupanga maisha ya kila siku. Kujihudumia, ambako ndiko kwenye kuoga, kuvaa na kula, kunabeba asilimia 40 ya uzito wote. Utambuzi na tabia, ambazo zamani zilikuwa pembeni, zina nafasi yao katika hesabu. Swali nalo limebadilika, kutoka kuuliza mhudumu anatumia muda gani hadi kuuliza mzee anajitegemea kwa kiasi gani. Badiliko jingine, ambalo halitajwi sana, huenda ndilo la busara zaidi: katika nyumba moja, wakazi wa daraja la 2 hadi la 5 huchangia kiasi kilekile kwa upande wa uuguzi, kwa hiyo familia haina tena sababu ya kuficha kwamba mzee amedhoofika kwa kuogopa ankara, kama ilivyokuwa kabla ya hapo. Kenya, iliyotia saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi na Ujerumani mwezi Septemba 2024, ina vijana ambao huenda wakayafahamu madaraja haya vizuri kuliko yanavyofahamika katika kaunti za kwao.

Vipimo hivi, hata hivyo, havisafiri salama vikibebwa kama vilivyo. Orodha ya Katz inaposema kwenda msalani, inamfikiria mtu anayekaa juu ya choo kilicho hatua chache kutoka kitandani. Mzee wa Kondoa au wa Makueni mwenye choo cha shimo nje ya nyumba anatakiwa avuke uwanja usiku, akiwa na tochi mkono mmoja na mkongojo mkono wa pili, achuchumae kwa magoti yenye baridi yabisi, kisha ainuke bila kitu cha kushika. Akihamishiwa kwa mwanawe mjini, kwenye choo cha kukalia, mzee huyohuyo, kwa magoti yaleyale, anajihudumia bila msaada. Ngazi yake imeshuka na mwili haujabadilika. Hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi kuhusu matunzo hulipita haraka: kinachopimwa ni mwili ndani ya nyumba fulani, na nyumba ikirekebishwa kipimo nacho hurekebika.

Familia nayo ina ngazi zake, zisizoandikwa popote. Mjukuu humpelekea mzee chai na kumsomea ujumbe wa simu. Mkaza mwana hupika na kufua. Lakini msaada unapofika kwenye kuogesha na kubadilisha nepi, mila huingilia kati, kwani katika jamii nyingi za Afrika Mashariki binti hamwogeshi baba yake, na mkwe hamwogeshi mkwewe, pasipo wote wawili kuona haya. Mahali hapo, ambapo kwa Katz ni mstari wa kwanza wa orodha, ndipo familia nyingi zenye upendo wa kutosha hukwama, zikamwajiri kijana wa kazi asiyefunzwa, au zikamwacha mzee aoge mara moja kwa wiki. Kuieleza hali hiyo kuwa ni kutojali ni kuhukumu bila kutazama.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na inayoiweka familia kuwa msingi wa matunzo, makazi ya serikali yakiwa hatua ya mwisho. Makazi yenyewe yapo, kama Nunge huko Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Fungafunga mjini Morogoro na Bukumbi mkoani Mwanza, na kadhaa kati yake yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, asili ambayo bado inaonekana katika jina rasmi la makazi ya wazee na wasiojiweza. Zanzibar ina Sebleni na Welezo, na tangu mwaka 2016 hulipa pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefikia miaka 70, awe aliajiriwa au la. Nchini Kenya, ambako kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na dola, nyumba nyingi ni za mashirika ya dini na watu binafsi, na miongoni mwa zinazojulikana zaidi ni Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor.

Mlango wa makazi mengi ya umma una swali moja tu, nalo ni kama mzee ana jamaa au hana, ana kipato au hana. Ni swali la haki, kwa sababu nafasi ni chache, lakini si kipimo cha matunzo, kwa kuwa linaeleza kwa nini mzee amefika na halielezi atahitaji nini usiku wa kwanza. Matokeo yake ni kwamba mzee anayelima bustani yake mwenyewe nyuma ya bweni huishi chini ya paa moja na aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, wakihudumiwa na watumishi walewale kwa idadi ileile. Wa kwanza hufanyiwa mengi asiyoyahitaji, na misuli isiyotumika hulegea upesi katika umri huo, hata akashuka kwa kuhudumiwa. Wa pili hupungukiwa, na upungufu wake husomeka mgongoni, kwenye vidonda vya kulalia. Mwenye dimensia hana mahali kabisa katika mpangilio huu, na anapotoka langoni na kupotea, analaumiwa mlinzi.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa ambaye maradhi yake hayatapona, mara nyingi huwekwa juu ya ngazi zote kana kwamba ni ngazi ya mwisho. Si ngazi. Inaweza kutolewa nyumbani, katika makazi ya usaidizi au kwenye nyumba ya uuguzi, na Uganda imeonyesha kwa miaka mingi kwamba mofini ya maji ya kunywa, inayotengenezwa kwa gharama ndogo, humfikia mgonjwa kijijini kwake.

Kumpima mzee anapoingia makazini hakuhitaji mashine wala daktari bingwa. Shughuli sita za Katz zinaenea kwenye nusu ukurasa, na mbele ya kila moja huandikwa kama anaifanya mwenyewe, anaifanya akisaidiwa, au hawezi. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuijaza karatasi hiyo ndani ya nusu saa, mradi aongeze mistari mitatu ambayo Cleveland haikuihitaji, yaani umbali wa choo, aina ya choo, na nani anaruhusiwa na mila kumwogesha mzee huyu. Irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na mhudumu wa zamu ya usiku aulizwe kabla ya wa mchana, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani huamka na nani huanguka. Kisha, kabla halmashauri yoyote haijaomba fedha za kujenga bweni jipya, iweke choo cha kukalia, vishikio viwili vya chuma ukutani na taa isiyozimwa usiku katika yale mabweni iliyo nayo.